Wakaja nguchiro, mdiria akapiga mbizi

Mwenzenu jana nimekaa pembeni ya mto masaa matatu na nusu, shati la kijani lililofubaa, mgongo kwenye mti, jua nyuma yangu, kamera kwenye tripodi, namsubiri ndege mmoja tu. Mdiria. Yule mdogo wa bluu anayejitupa majini kama jiwe. Na nilijua atakuja tu, ana tawi lake kavu limeinamia maji na kwenye jiwe la chini yake kuna madoa meupe ya mavi, hiyo alama wengi wanaipita wanahangaika kuangalia juu.

Saa ya kwanza ndo mbaya. Unawashwa sehemu ambazo hukujua unazo. Ndege hashtuki sana na mtu aliyetulia, anachokimbia ni mkono unaopanda ghafla, kwa hiyo mkono wangu unashinda kwenye kamera hata ukifa ganzi, maana ukingoja umwone kwanza ndo uunyanyue, umeshamfukuza.

Akaja, tena na samaki mdomoni tayari, kamvua kwingine huko! Shata, ile kasi ya kamera kunasa picha, nimeweka 1/2500 ya sekunde kwa ajili ya mbizi halafu yeye ananiletea chakula. Akaanza kumpigapiga kwenye tawi, kulia, kushoto, ta ta ta, mpaka samaki akalegea, akamgeuza akamwanza kichwani, maana akimwanza mkiani mapezi yanakwama kooni. Nikapiga picha kama 60, ambazo jicho lake limetoka wazi bila ukungu hazifiki 5.

Basi akatulia na mimi nikatulia, nikijua sasa atapiga mbizi. Badala yake akapanua mdomo kama anapiga miayo, nikasema huyu anaumwa nini, akatikisa kichwa akatema kidonge cheupe kikadondoka majini. Kumbe ni mifupa na magamba, wanavitema vile tumbo lisivyoweza kusaga, nilishasoma hiyo kitu ila kusoma ni kingine na kuona ni kingine. Picha sina. Na mimi nilikuwa nimeachama vilevile.

Halafu nyasi zikachezacheza nyuma yangu. Nikadhani panya. Nguchiro! Mmoja, wa pili, baada ya hapo sikuhesabu tena, wanafukuafukua udongo kwa kucha huku wananong'onezana, wakanipita kama mimi gogo. Mmoja akasimama katikati ya miguu ya tripodi akaanza kunusa kiatu changu, pua ina unyevu na chembe ya mchanga imeganda juu yake, naiona kabisa. Sasa lenzi yangu ni ya milimita 600, chini ya mita 2 na ushee haishiki fokasi, na huyu bwana yuko nusu mita. Simu ipo ndani ya begi, begi lipo nyuma, na zipu ya lile begi inalia kama mlango mbovu. Nikaacha. Nikawa nahema kidogokidogo tu, naangalia ile pua.

Na ndo hapohapo nikasikia chubwi! Kugeuza macho, mdiria yupo kwenye tawi lake anachuruzika maji, na samaki mwingine mdomoni. Mbizi yenyewe sijaiona hata kwa jicho.

Nguchiro nao wakaishia vichakani. Kesho kutwa narudi, ila simu safari hii inakaa mfuko wa shati.