Kutwa nzima nikihesabu moshi wa watu

Nikisema kazi yangu ni kuandaa taarifa za gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, wengi hudhani nashinda na kipimo kwenye mabomba ya moshi, au napanda miti. Sijawahi kupima moshi wa kitu chochote. Niko kampuni ya ujenzi, na kila mwaka tunatakiwa kumpa mteja wetu mkubwa hesabu ya hewa chafu tuliyotoa sisi pamoja na wakandarasi wadogo walio chini yetu. Kazi yenyewe ni karatasi na simu, simu kuliko karatasi. Hii ni siku moja ya msimu wa kufunga hesabu.

Saa mbili asubuhi naanza na umeme kwa sababu ndio rahisi. Bili zina kilowati-saa, nazidisha kwa kizidishi cha gridi cha mwaka husika, yaani kiasi cha hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, nahifadhi, nasonga mbele.

Saa tatu namfuata fundi wa viyoyozi kabla hajatoka kwenda saiti. Yeye hunikimbia, na simlaumu, maana namsumbua kwa kitu ambacho machoni pake ni kidogo: amejaza kilo ngapi za gesi, kwenye mashine ipi. Gesi aina ya R-410A ikivuja, kilo moja hupasha joto dunia sawa na kilo 2,000 hivi za hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Daftari lake linaonyesha amejaza kilo 10 kufidia iliyovuja. Hizo ni tani 20, sawa na kuchoma karibu lita 7,500 za dizeli. Lori likitoa moshi mweusi getini kila mtu analalamika, ila mtungi huu hauna moshi wala kelele, na bila daftari la fundi ungepita kimya.

Saa nne napiga simu kwa mhasibu wa mkandarasi wetu wa barabara za saiti. Hapo ndipo siku ilipoishia.

Nilimwomba matumizi ya dizeli ya mwaka. Amenitumia mstari mmoja: "Mafuta", na jumla ya fedha.

"Kaka, naomba lita."

"Dada, fedha ndizo zinazokaguliwa na watu wa kodi. Lita ni mambo ya madereva."

Namweleza kwamba bei imepanda na kushuka mwaka mzima, na kwamba ndani ya "Mafuta" naona na oili ya injini, na nahisi hata kuziba pancha. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, iwe imenunuliwa ghali au rahisi. Anakubali kwa shingo upande, kisha picha za risiti zinaanza kumiminika kwenye simu yangu. Nusu zimefifia hadi karatasi imebaki nyeupe. Moja inasomeka vizuri kabisa, isipokuwa aliyeipiga picha ameishika kwa kidole gumba, na kidole kimekaa juu ya lita.

Tukiwa bado kwenye risiti analeta jingine. Katapila mbili ni za kukodi, mwenye nazo ndiye anayeweka mafuta, kwa hiyo hayawahusu. Yanawahusu. Mwongozo tunaoufuata karibu sote, ule wa GHG Protocol uliotoka mara ya kwanza mwaka 2001, unagawa hesabu katika wigo tatu: unachochoma mwenyewe, umeme unaonunua, na kila kinachotokea kwa wengine kwa ajili ya shughuli zako. Mafuta ya mwenye katapila ni wigo wa kwanza kwake, na kwenu ni wa tatu.

"Kwa hiyo lita zilezile zinaandikwa mara mbili?"

Ndiyo, katika vitabu viwili na wigo tofauti. Kisichoruhusiwa ni nyote wawili kuziweka wigo wa kwanza.

Kimya kidogo, halafu swali nililokuwa nalisubiri: "Lakini hii sheria inatubana sisi kweli? Nimesikia hata Marekani wameiacha."

Kasikia sawa. Pendekezo la mwaka 2022 la kuwalazimisha wakandarasi wa serikali kuu ya Marekani kutangaza hewa chafu yao liliondolewa Januari 2025 kabla halijawa kanuni. Ila mteja wetu hayuko chini ya hilo. Anafuata IFRS S2, kiwango cha kimataifa cha kampuni kutangaza taarifa za tabianchi, kilichotoka 2023, ambacho kinataka wigo zote tatu, na dizeli ya mkandarasi huyu imo ndani ya wigo wake wa tatu. Kwa hiyo hakuna sheria iliyomtaja huyu kaka. Kilichomtaja ni kifungu kimoja kwenye mkataba.

Na hapo moyoni niko upande wake. Kampuni kubwa inaandika mistari mitatu, na mhasibu wa ofisi ya watu wachache anailipia kwa jioni zake. Kazi hii ingepaswa kuwa na bei kwenye zabuni kama saruji na nondo zinavyokuwa na bei. Nimeshalisema kikaoni, wakaandika kwenye kumbukumbu, basi.

Chakula cha mchana nimekula mezani, sikio moja kwenye simu. Aliyetuokoa ni mtunza stoo wao, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Ana leja ya mkono: tarehe, namba ya mashine, lita zilizotolewa, sahihi ya dereva. Mwaka mzima, isipokuwa mwezi mmoja alipokuwa likizo. Picha za leja zilipofika sikumbuki tena ilikuwa saa ngapi. Nimeziingiza mstari kwa mstari, macho yanauma, huku mkaguzi ananiuliza kwa barua pepe kizidishi cha dizeli nimekitoa toleo la mwaka gani. Nikamjibu, nikarudi kwenye leja.

Mwezi uliokosekana nimeukadiria kwa saa za kazi zilizoonyeshwa na mita za mashine, nikaandika waziwazi kuwa ni makadirio na nimeyapataje. Mkaguzi atauliza, aulize. Bora pengo lenye maelezo kuliko namba nzuri isiyo na asili.

Giza limeingia ninapofunga faili la mkandarasi huyu. Wa kesho tayari ametuma lita zake, kwa galoni, bila kusema kama ni za Uingereza au za Marekani, ambazo zinapishana kwa karibu robo tatu ya lita kila moja. Simu yake haipatikani.