Wavuvi Waulizwe Kabla Ramani Haijachorwa

Mradi wa umeme wa upepo baharini huamuliwa mara mbili: kwanza eneo linapowekewa mipaka kwenye ramani, kisha kibali cha ujenzi kinapotolewa. Wakazi wa pwani aghalabu huitwa mara ya pili, wakati ambapo mwekezaji ameshatumia fedha nyingi na kilichobaki kujadiliwa ni kiwango cha fidia. Nimekuwa nikifuatilia habari za Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote nchini Marekani, kwa sababu huko wavuvi wameyaonja yote mawili: kuulizwa kabla ya ramani kuchorwa, na kuitwa ikiwa imeshachorwa.

Mwaka 2008, kabla ya mtambo wowote kusimikwa, baraza la jimbo linalosimamia rasilimali za pwani lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Rhode Island kuandaa mpango wa matumizi ya bahari, uliopitishwa mwaka 2010. Jirani zao wa Massachusetts walikuwa mfano wa mambo ya kuepuka, kwani mradi wa Cape Wind, uliokusudiwa kuwa na mitambo 130, ulitangazwa mwaka 2001 kampuni ikiwa imeshajichagulia eneo, ukaandamwa na kesi kwa miaka mingi, na mwaka 2017 ukaachwa bila hata mtambo mmoja kusimama. Huko Rhode Island wavuvi waliketi na watafiti wakaonyesha ni nyavu gani hutumika wapi na katika majira gani, na maarifa hayo yakaingizwa kwenye ramani pamoja na njia za meli na mapito ya ndege wa baharini. Matuta ya mawe na kokoto yaliyoachwa na barafu ya kale chini ya bahari, ambayo samaki huyategemea kwa makazi, yaliwekewa ulinzi maalumu. Ikaundwa pia bodi ya ushauri ya wavuvi, ili baraza lisiamue mambo ya bahari bila kuwasikia.

Matunda yake yalikuwa shamba la upepo la Block Island, la kwanza la kibiashara baharini nchini Marekani, lililoanza kutoa umeme Desemba 2016 kwa mitambo mitano yenye uwezo wa jumla wa megawati 30. Wakazi wa kisiwa hicho walikuwa wakitegemea majenereta ya dizeli, kwa hiyo kebo iliyowaunganisha na bara ilikuwa faida waliyoweza kuiona kwa macho. Sisemi kwamba kila mtu aliridhika. Kebo yenyewe baadaye ilifukuliwa na mawimbi karibu na ufuo wa kuogelea, ikabidi izikwe upya.

Kisha ikaja miradi mikubwa zaidi, nje ya maji ya jimbo. Huko serikali kuu ndiyo inayokodisha maeneo, na baraza la jimbo hubaki na kazi ya kupima kama mradi unaafikiana na sera zake za pwani. Bodi ya wavuvi iliendelea kuitwa na kutoa maoni, lakini maoni hayo yalikuta mipaka imeshachorwa. Mwaka 2023, baada ya baraza kuidhinisha mradi mwingine licha ya pingamizi zao, wajumbe wote wa bodi walijiuzulu kwa pamoja. Bodi ilikuwa ileile, na kanuni zilikuwa zilezile. Kilichopungua ni uwezo wa neno la mvuvi kusogeza mtambo.

Uwezo huo si ndoto. Katika mradi wa Middelgrunden, karibu na bandari ya Copenhagen nchini Denmark, pendekezo la awali lilikuwa mitambo 27 katika safu tatu. Baada ya wananchi kusikilizwa ikawa mitambo 20 katika upinde mmoja. Nusu ya mitambo hiyo ilimilikiwa na ushirika wenye wanachama zaidi ya 8,500, na binafsi naona umiliki wa aina hiyo una uzito kuliko zahanati au kisima kinachotolewa kwa hisani ya mwekezaji.

Pwani yetu ya Kenya na Tanzania bado haina shamba la upepo baharini, ila somo la ushirikishwaji tumeshalipata kwa njia nyingine: Juni 2019 mahakama ya mazingira ya Kenya ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tunavyo vikundi vya BMU, yaani vikundi vya jamii za wavuvi vinavyosimamia uvuvi katika fukwe zao, ambavyo wanachama wake wanajua samaki wanakokwenda wakati wa kusi na wanakorudi wakati wa kaskazi. Ningependa halmashauri na idara za uvuvi ziketi navyo sasa hivi, wakati hakuna mwekezaji anayesubiri jibu, na ramani itakayopatikana itambuliwe kisheria, ili yeyote atakayekuja kuomba eneo la bahari aanze kwa kuisoma.