Mdukuzi wa Ngamiani

Nikiulizwa kazi yangu harusini au msibani, hujibu tu kwamba niko kwenye mambo ya kompyuta, na maneno huishia hapo. Leo nijitambulishe sawasawa. Mimi ni mdukuzi, yule ambaye kwa Kiingereza huitwa hacker: mtu wa kutafuta njia za kuingia kwenye mifumo ya kompyuta. Najua neno hilo linavyosikika: kudukua ni kutega sikio mlangoni usikie ya watu, na hakuna mzazi anayemwombea mwanawe sifa hiyo. Lakini ndilo jina tulilopewa, nami nalibeba. Ningeachiwa nichague, ningejiita fundi, maana kazi hii nilifundishwa na fundi.

Baba yangu alitengeneza redio Ngamiani, Tanga, barabara ya tisa. Banda lake lilikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu, na redio za National na Philips zilizofunguliwa matumbo. Nikitoka shule napitia pale kumshikia tochi. Redio ikiletwa inakoroma, baba hakukimbilia kubadilisha vifaa. Aliiwasha, akachukua bisibisi kwa upande wa mpini, akaanza kugonga bodi polepole, kifaa baada ya kifaa, sikio likiwa kwenye spika. Mkoromo ukibadilika, anasimama. Hapo ananiambia nisogeze tochi, anainamisha bodi, na mara nyingi tunaona risasi ya kulehemu imepasuka kwenye mguu wa kifaa kimoja, ufa mwembamba kama unywele. Anagusa kwa chuma cha moto, moshi unapanda, na Redio Tanzania inarudi. Hakuwahi kuwa na mchoro wa redio hata moja. Alichokuwa nacho ni uvumilivu wa kusikiliza mpaka kitu kiseme chenyewe kinaumwa wapi.

Kompyuta niliijua mwaka 2003, kwenye kafe ya intaneti pale mjini. Shilingi mia tano kwa nusu saa, na dakika kumi za mwanzo zote ni kusubiri ukurasa ufunguke. Lakini siku iliyonigeuza ni ya mwaka 2006. Nilikuwa nimesoma kwamba kuna watu wanatuma CD za Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta, bure popote duniani, nikajaza fomu, nikaweka sanduku la barua la shule aliyokuwa akifundisha mama. Wiki zikapita nikasahau. Kisha mama akarudi na bahasha. Kwanza lilinishika jina lenyewe: ubuntu, neno la ndugu zetu wa kusini, ambalo kwetu ni utu. Pili, nilipogundua kwamba programu zile naweza kuzifungua na kusoma zilivyoandikwa, mstari kwa mstari, nilijiona niko tena mezani kwa baba. Tofauti ni kwamba safari hii mchoro ulikuwepo.

Wakati huohuo nilisikia kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishatoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi, kwa Kiswahili tangu mwaka 2004. Niliitafuta mpaka nikaipata kwenye CD ya kunakili. Kuona menyu imeandikwa kwa lugha ninayoota nayo kuliniathiri kuliko ninavyoweza kueleza. Ndiyo maana mchango wangu wa kwanza kwenye programu huria, hizi ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzirekebisha, haukuwa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Ulikuwa kurekebisha tafsiri, neno moja moja, usiku.

Ajira niipitie haraka. Mwaka 2009 nilianza kazi kwenye kampuni ya intaneti Dar es Salaam, kupanda mapaa ya Kariakoo kufunga antena. Nilikuwa msichana peke yangu kwenye timu, na ngazi haikunijali kwa hilo. Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ukafika. Kabla yake, intaneti yetu ilipanda hadi kwenye setilaiti, karibu kilomita 36,000 juu, ikashuka ng'ambo, kisha jibu likarudi njia ileile. Kila swali lilikula zaidi ya nusu sekunde hata mitambo iwe mizima kiasi gani. Tulipohamisha mteja wa kwanza kwenye mkongo nilikuwa zamu ya usiku. Namba za muda wa kusubiri jibu zilishuka kwenye kioo, nikadhani nimekosea amri, nikairudia mara tatu. Baadaye nikaingia kwenye kuandika programu, na tangu 2013 kazi yangu ni usalama: taasisi inanilipa nijaribu kuingia kwenye mfumo wake kabla mwizi hajajaribu.

Kuna jambo lililonipata ambalo vijana wanaoanza lazima walisikie. Mwaka 2016 nilikuwa naangalia mkopo wangu mwenyewe kwenye tovuti ya taasisi moja ya fedha. Nikaona mwishoni mwa anwani kuna namba ya mteja. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho, 7 ikawa 8. Likafunguka faili la mtu mwingine: jina, simu, anachodaiwa, na mdhamini wake. Nilifunga palepale. Sikufungua la pili. Nikaandika barua, nikaeleza kasoro na namna ya kuiziba, nikaipeleka kwa mkono. Siku ya tatu nikaitwa, nikakuta mwanasheria ananisubiri na nakala ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wiki nane nililala na kuamka na hofu ya kukamatwa. Mwishowe tundu likazibwa kimyakimya, na sikusikia tena kutoka kwao.

Liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu waliokuwa hatarini ni wale wakopaji, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa. Lakini nilijifunza: kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa hata ukiwa na nia ya malaika. Tangu hapo sigusi kitu cha mtu bila karatasi iliyosainiwa, na kijana akija kwangu somo la kwanza ni hilo, kabla ya kibodi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023, naona barua kama ile yangu zinapokelewa kwa heshima zaidi. Si kote, ila naona.

Sasa nije kwenye yale ninayoyafanya bila kulipwa, ambayo kwangu ndiyo kazi hasa.

Nilijiunga na Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam, ilipoanza 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakizunguka mitaa na wenyeji, wakichora nyumba, vichochoro na mitaro, na kuweka kila kitu kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ambako yeyote anaweza kukitumia. Mimi nilisaidia upande wa takwimu, lakini nilisisitiza kwenda mtaani pia. Huko Tandale nilishika ncha moja ya futikamba, mwenzangu ncha nyingine, tukapima upana na kina cha mtaro uliojaa taka mpaka maji hayakuwa na pa kupita. Mzee mmoja akatuita ndani. Akatuonyesha mstari wa matope ukutani, juu ya kitasa cha mlango. Maji ya Desemba 2011, akasema, yaliishia hapa. Setilaiti haiwezi kuuona mstari ule. Tuliupima.

Kazi ya pili ni ya vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa: tunawafundisha wanachama kujikinga na matapeli wa simu. Kila aliye na simu Tanzania ameshapata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Watu husema anayetapeliwa kwa meseji ile ni mjinga, na kauli hiyo inanikera. Meseji inatumwa kwa maelfu, na kati ya maelfu hao lazima yuko mtu ambaye kweli anatakiwa kutuma hela siku ile, ya kodi, ya ada, ya mgonjwa. Mtego unamkuta mwenye wajibu, si mjinga.

Mbagala, kwenye kikoba kimoja, bibi mmoja alinikabidhi kiswaswadu chake, simu ndogo ya vitufe, bila kusema neno. Alikuwa amepigiwa na kijana mwenye sauti ya kilio: samahani mama, nimekosea, hela yangu imeingia kwako. Meseji ya muamala ilikuwepo, akarudisha 180,000, na ile ilikuwa michango ya wenzake. Nilikaa naye chini, nikafungua meseji halali ya zamani na ile ya uongo, moja baada ya nyingine. Nikamwambia, bibi, usisome maneno, tazama juu yametoka wapi. Ya halali imeandikwa jina la huduma. Ya uongo ina namba ya kawaida, sifuri saba na kuendelea. Akaisogeza simu karibu na macho, akaitazama muda mrefu. "Kumbe ni mtu tu," akasema.

Tangu siku ile tumebadilisha mafunzo. Hatuanzi na maneno ya kitaalamu. Tunaanza na kitendo kimoja: ukipigiwa kwamba hela imeingia, kata simu, piga menyu yako ya hela, *150*00# kama ni M-Pesa au ya mtandao wako, uangalie salio. Salio halijabadilika, hakuna hela. Halafu meseji ya tapeli unaituma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Halafu *106#, uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna mama alikuta laini mbili asizozijua, akaenda kuzifuta siku hiyohiyo.

Tatizo limebaki kwa wasiosoma vizuri. Kwa hiyo tunarekodi mafunzo kwa sauti, vipande vya dakika mbili mbili, vinavyoingia kwenye memori kadi na kuchezwa kwenye redio ndogo zile za sokoni. Nilirekodi kipande cha kwanza kwa sauti yangu, nikampelekea bibi wa Mbagala akisikie. Akasema nazungumza kama mtangazaji, hakuna atakayeniamini. Akaniomba simu, akaisogeza mdomoni, akaanza: "Wanangu, mimi niliibiwa. Nisikilizeni." Hicho ndicho kipande tunachokitumia.