ANA chanya, 1:80: karatasi iliyoninyima usingizi

Magoti yalianza kuniuma mwaka jana, na kwa kazi yangu ya kuanika dagaa Kibirizi, Kigoma, sikushangaa. Ukiinama na kuinuka kutwa nzima, lazima goti liseme. Ila shoga yangu ana dada mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, akanisukuma nikapime ANA, kipimo cha damu cha kuitafuta. Damu ikapelekwa Dar es Salaam, jibu likarudi: "ANA: chanya, 1:80." Aliyenikabidhi karatasi hata hakunikalisha. "Mama, hii ni lupasi." Usiku ule niliwaangalia wanangu waliolala kama ninayewaaga.

Daktari wa pili aliiweka karatasi pembeni kwanza. Asubuhi viungo vinakaza muda gani? Dakika chache. Jua linakutoa vipele usoni? Jua nashinda nalo, sina kipele. Vidonda mdomoni, nywele kukatika, kifua kuuma ukivuta pumzi, mkojo wenye povu? Hapana zote. Kisha akauliza dawa nilizotumia. Nikataja isoniazidi, vidonge vya kujikinga na kifua kikuu nilivyomeza miezi 6 mume wangu alipougua.

"Ehe!" akasema. Kumbe isoniazidi yenyewe inaweza kuifanya ANA iwe chanya. Malaria pia, na nani Kigoma hajaugua malaria?

Akachora nyuma ya karatasi ileile. Maji ya damu huzimuliwa, halafu hutazamwa kama bado yana kingamwili, yaani askari wa mwili, zinazonata kwenye viini vya seli; hizo ndizo ANA. Yakizimuliwa mara 80, ndiyo ile 1:80, watu kama 13 kati ya 100 wasio na ugonjwa bado huonekana chanya. Mara 160, kama 5. Lakini wenye lupasi karibu wote huwa chanya. Kwa hiyo jibu hasi ndilo lenye nguvu, linaiondoa lupasi karibu kabisa. Chanya kama yangu, alisema, ni mlango tu. Vigezo vya kimataifa vya lupasi vya mwaka 2019 vinaanzia hapohapo kwenye 1:80, kisha vinadai dalili.

Tukapima mkojo: hauna protini. Picha ya damu na figo, sawa. Kingamwili za DNA, hasi. Hiyo ingekuwa chanya, ndiyo ingenitisha kweli. Nikaomba ANA irudiwe, akakataa: ningelipia tena hofu ileile.

Sasa naanika dagaa kwenye chanja ya kimo cha kiuno. Magoti yametulia kiasi, ingawa fundi bado ananidai.