Reli yetu ya mezani ilivyorudi barazani

Nilipofungua lile boksi la treni yetu ndogo ya kuigiza, Februari 2022, kilichonipokea kwanza ni harufu. Harufu ya pwani maji yakikupwa. Reli za shaba zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, mabehewa mawili magurudumu yameganda, na kichwa cha treni nilipokipa umeme kilinguruma kidogo kikanyamaza. Miaka miwili uvunguni, hapa Ngamiani, mjini Tanga.

Kosa lilikuwa langu. Kokoto za kujazia kati ya mataruma nilizichota ufukweni Raskazone, mchanga mweupe wa kupendeza, nikaumwaga na gundi bila kuuosha. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Reli ikiwa inatumika huoni kitu, maana magurudumu yanaisugua na wewe unaifuta. Ikilala, inaliwa.

Mimi ni fundi redio. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, na mjomba wangu, baharia, ndiye aliyeniletea lile boksi nikiwa kijana: kichwa kimoja, mabehewa manne, na reli zenye upana wa milimita 16.5. Huko Ulaya upana huo ni wa kuigiza reli yao pana. Reli ya Tanga ni ya mita 1, kwa hiyo nilipiga hesabu nikaona nikipunguza kila kitu mara 60, upana ule ule unakuwa wetu. Mabehewa ya mjomba nikayavua mabodi, nikayaundia mengine kwa kadibodi na bati la maziwa ya unga. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaona kwamba kutoka Tanga hadi Muheza, kwa kipimo hicho, ningehitaji reli ya mita zaidi ya 660, nikatulia.

Kuanzia 2017 hadi 2019 tulikuwa tunaionyesha Idd pili, mimi na wenzangu watatu, kwenye ukumbi wa shule moja. Watoto wakitoka kwenye pembea na mifuko ina sarafu za Idd, wanapita kwetu. Hatukutoza. Plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4, treni inazunguka, watoto wameizingira pande zote nne, wamebanana, videvu juu ya ubao. Machi 17, 2020 shule zikafungwa nchi nzima kwa sababu ya korona. Zilifunguliwa Juni 29 mwaka ule ule, na watu wengi wakarudi kwenye shughuli zao, lakini sisi hatukurudi. Kila nilipovikumbuka vile videvu nilikosa ujasiri. Mwenzetu mmoja, mzee aliyekuwa akitupigia filimbi, alitangulia mbele ya haki mwaka uliofuata, na ukumbi nao ukageuzwa stoo ya madawati.

Mambo mengine yalikuwa yanatokea bila sisi. Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar na Moshi ilikuwa imerudi baada ya miaka mingi ya reli kulala, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Ila inapita Korogwe. Haiji mjini kwetu. Tanga, ambako Wajerumani walianza kuchimba tuta mwaka 1893, tunasikia honi ya mizigo tu. Hilo linaniuma, nami nalisema kila nipatapo nafasi.

Kilichonirudisha ni simu. Nilikuwa naangalia video za Uingereza, ambako wapenzi wa reli hizi ndogo hufanya maonyesho kwenye kumbi za makanisa na shule. Kule nako yalisimama Machi 2020, na England haikuondoa masharti yake mengi hadi Julai 19, 2021. Katika video moja nikamwona mzee anatoa reli yake yote kwenye buti la gari. Vibao vyembamba, vinaungwa kwa boliti, basi. Nikajiuliza kwa nini mimi nilikuwa naita pikapu na wanaume sita.

Ile plaiwudi nikaikata. Mke wangu aliniuliza kama nina homa. Nilitoa vibao vitatu, kila kimoja sentimita 120 kwa 40, vinavyoenea kwenye guta moja pamoja na miguu yake. Duara likafa. Treni sasa inatoka gatini Tanga, inapita Pongwe, inafika Muheza, inarudi. Reli ya kweli haizunguki kama punda wa kinu cha mafuta. Tena kwa ubao mrefu na mwembamba watoto wanasimama upande mmoja, wamejipanga, wote wanatazama kule kule. Hakuna anayempumulia mwenzake usoni.

Usafi wa reli ulinichukua wiki tatu. Kokoto zote niliziloweka kwa maji ya moto nikazikwangua. Reli nikazipiga msasa laini kabisa, kisha spiriti, kisha spiriti tena. Safari hii nilitumia udongo mwekundu uliochekechwa, alioniletea shemeji kutoka Muheza, nikauosha hata huo kwa woga. Majani ni singa za mkonge zilizotiwa rangi na kukatwakatwa. Mikonge yenyewe, safu kwa safu, nimeikata kwenye chupa za plastiki za kijani. Kazi ya kuchosha, lakini usipoweka mkonge hapo Pongwe nani atakuamini?

Umeme niliachana nao. Mwaka 2019 ulikatika katikati ya onyesho na watoto wakapiga “aaah!” moja iliyosikika mtaa wa pili. Treni hizi zinakula volti 12, na betri ya bodaboda ni volti 12. Nikaunda kidude cha kupunguza na kuongeza mwendo, nikaweka na fyuzi. Betri ile ya ampea-saa 7 ilitembea siku nzima haikutetereka.

Tulipojaribu nje, kwenye baraza, saa sita mchana, reli zikapinda kama nyoka. Nilikuwa nimezibana vichwa kwa vichwa. Baba alikuwa akinieleza mimi bado mdogo kwamba chuma kikipata jua kinarefuka, ndiyo maana reli za kale zina nafasi, na ndiyo maana treni inapiga ta-ta, ta-ta. Nilikuwa nimemsikia na nimesahau. Nikaacha nafasi ya unene wa vocha kila kiungo.

Basi Idd ya Mei 2022, siku ya pili, tukaweka vibao chini ya mwembe pale barazani kwetu, na kando yake ndoo ya koki na sabuni. Watu wengi ndoo hizo walikuwa wameshazigeuza za kuwekea pombe ya mnazi au kuhifadhia unga. Sisi tuliibakiza, na niseme kweli, siyo kwa ajili ya ugonjwa tu: vidole vyenye ubuyu vikigusa reli, treni inasimama. Walikuja watoto labda thelathini, wachache wachache. Wawili niliokuwa nawajua tangu 2019 walikuwa wamenipita urefu, wakasimama nyuma wakijifanya hawana hamu.

Aliyekaa muda mrefu kuliko wote alikuwa bibi mmoja aliyemleta mjukuu. Aliifuata treni kwa macho, kwenda na kurudi, mara nne.

“Shikamoo bibi. Unaionaje?”

“Marahaba mwanangu. Ngomeni umeiweka wapi?”

Nikamweleza kwa nini stesheni hiyo haipo: nafasi, vibao vitatu, guta.

“Nilikuwa napandia Ngomeni,” akasema. “Na matenga yangu ya machungwa. Hapa naona treni inanipita tu.”

Ngomeni sasa ipo. Nimeijengea kibao cha nne, na dereva wa guta anataka nauli mbili.