Nilivyovundika ndizi kwa usiku mbili ili nioke mkate

Mkate wa ndizi unahitaji ndizi zilizoiva kuliko zile tunazokula hivihivi: ganda liwe limejaa madoa ya kahawia, nyama ipondeke kwa uma bila nguvu, na harufu isikike kabla hujamenya. Mimi nilikuwa na ndizi tano za manjano, ambazo bado zilikuwa na ukijani kwenye vikonyo, na nilikuwa nimeahidi kuoka baada ya siku mbili.

Kwa kuwa nilikuwa na haraka, nilianza na oveni. Nilipanga ndizi mbili pamoja na maganda yake kwenye sinia, nikaziacha katika nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 20, hadi maganda yakawa meusi tititi. Zilikuwa laini kweli, lakini nilipoonja nilikutana na ukakasi uleule wa ndizi isiyoiva. Joto lilikuwa limelainisha nyama na kulifanya ganda jeusi, ilhali utamu hutokana na wanga kugeuka sukari, kazi ambayo vimeng'enya vya tunda huifanya taratibu, na ambavyo joto kali huviharibu. Kwa maoni yangu, oveni inafaa tu kwa ndizi ambayo tayari ni tamu, ila bado ni ngumu kidogo.

Zile tatu zilizosalia nilizivundika. Nilizitia katika mfuko wa karatasi pamoja na tofaa moja lililoiva, nikakunja mdomo wa mfuko mara mbili, kisha nikauweka juu ya kabati la jikoni, penye uvuguvugu na pasipopigwa na jua. Ndizi na tofaa huendelea kuiva baada ya kuchumwa, na yanapoiva matunda haya hutoa gesi ya ethilini, ambayo huyachochea yaive zaidi na kuitoa kwa wingi zaidi. Mfuko huizuia gesi hiyo isitawanyike, na karatasi huruhusu unyevu utoke. Katika mfuko wa plastiki uliofungwa, jasho la matunda lingebaki ndani na kuleta ukungu. Friji nayo haifai hata kidogo, kwani baridi huzuia ndizi kuiva, ingawa ganda huweza kuwa jeusi humo na kukudanganya.

Baada ya usiku wa kwanza ukijani ulikuwa umetoweka. Asubuhi ya pili, nilipofungua mfuko, harufu nzito yenye utamu ilinipanda puani. Madoa yalikuwa yameenea hadi kwenye vikonyo, na ndizi moja ilikuwa imeanza kupasuka ganda. Ziligeuka uji mzito bila kuacha donge, nami nikapunguza sukari kidogo kwenye unga.

Sasa ndizi zinapoiva kupita kiasi huzimenya na kuzigandisha kwenye friza. Zikiyeyuka hutoa maji mengi, na maji hayo huyatia yote kwenye mchanganyiko, kwa sababu yana utamu na harufu ya ndizi.