"Unanijua Mimi Ni Nani?"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Hesabu 22:21–35, kisha 1 Samweli 25.

Askari wa usalama barabarani amenyoosha mkono, gari limesimama pembeni. Anaomba leseni. Dereva hazimi injini, na kioo anakishusha kidogo tu, kiasi cha kupitisha maneno. "Nimekosa nini? Unanijua mimi ni nani?" Askari anarudia ombi lake. Dereva anatafuta kwenye simu namba ya mkubwa fulani, anapaza sauti, anasema hatoi leseni na hashuki. Jambo la dakika chache, pengine la kuambiwa tu kwamba taa ya nyuma haiwaki, sasa limekuwa kesi. Na watoto wako kiti cha nyuma, wanatazama.

Mtu huyu huenda hana uhalifu wowote. Huenda ni muumini, ametoka ibadani. Faini angeilipa. Kinachomchoma ni kusimamishwa mbele za watu na mtu anayemwona mdogo kuliko yeye.

Balaamu, mwaguzi aliyesifika, naye alikuwa na safari yake na heshima yake. Wakuu wa Moabu walikuwa wamemfuata kwa ujira wa uganga. Malaika wa Bwana akasimama njiani na upanga mkononi; punda akamwona, Balaamu asimwone. Punda akakengeuka shambani, akapigwa. Akajibana ukutani, akapigwa tena. Mara ya tatu njia ikawa nyembamba, hakuna pa kugeukia kuume wala kushoto, akalala chini. Balaamu akawaka hasira, akasema angekuwa na upanga angemuua palepale. Hebu tulia hapo. Anatamani upanga, na upanga uko mbele yake, umeshachomolewa! Baadaye malaika anamwambia wazi kwamba punda asingekengeuka, yeye Balaamu angekuwa amekufa. Punda aliyepigwa mara tatu ndiye aliyemwokoa.

Ndivyo kiburi kinavyofanya kazi. Dereva aliyefura hasikii anachoambiwa kuhusu tairi lililokwisha au mwendo wake kwenye kona. Wala hafikirii kwamba askari anayelikaribia gari, hasa usiku, hajui ndani kuna nani na ana nini mkononi. Kuzima injini, kuwasha taa ya ndani, kuacha mikono ionekane kwenye usukani na kusema "leseni iko kwenye droo, naichukua" ni kumwondolea mwenzako hofu. Huo nao ni upendo kwa jirani, na mimi sioni kwa nini tuubakize kanisani.

Sasa mtazame Daudi. Nabali, tajiri aliyeombwa chakula na vijana wa Daudi, amemtukana: "Daudi ni nani?" Daudi anashuka na watu mia nne, kila mmoja na upanga wake, ameapa kwamba hadi alfajiri hatabaki mwanamume nyumbani kwa Nabali. Njiani anakutana na Abigaili, mke wa Nabali, mwanamke asiye na silaha, akiwa na punda waliobeba mikate na divai. Daudi ana nguvu za kumpita. Tena ana sababu, maana tusi lilikuwa tusi kweli. Lakini anasimama, anasikiliza hotuba ndefu hadi mwisho, kisha anamhimidi Mungu aliyemtuma mwanamke huyo kumlaki, na kumbariki Abigaili kwa kumzuia asimwage damu siku ile. Mfalme mtarajiwa anashukuru kwa kuzuiwa! Katika maisha yote ya Daudi, ushindi huu naupenda kuliko ule wa Goliathi.

Najua wako wanaosema moyoni: na askari mwenye kuonea, anayetaka hongo? Biblia haimfichi. Askari walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watosheke na mishahara yao (Luka 3:14). Kuuliza kosa lako ni lipi, kukataa kutoa hongo, kupeleka malalamiko panapohusika, hakuna ukaidi hapo. Paulo alipokuwa amefungwa kamba tayari kwa mijeledi, alimuuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Rumi kama yeye, ambaye hajahukumiwa (Matendo 22:25). Alidai haki yake kwa swali moja, bila tusi, na mijeledi ikasitishwa.

Tuombe.

Baba, wakumbuke askari wanaosimama juani na kwenye mvua ili sisi tufike. Wape uadilifu, na uwarudishe salama kwa watoto wao. Mkumbuke na dereva ambaye leo amewaka hasira pembeni mwa barabara; mpe neno moja la upole kabla hajasema lingine. Na wiki hii ukituma mtu kutuzuia, awe mke, mtoto, mdogo wetu kazini au mgeni tusiyemjua, utupe masikio ya kumsikiliza hadi amalize. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.